Dirisha Lenye Kitufe Kimoja

Kompyuta ilikuja kwa chukudu kutoka Birere,
kioo chake kimevikwa godoro la mtoto,
kasha limefungwa kwa mpira kama mbuzi wa sokoni.
Zamani ilikuwa ya ofisi ya forodha; ubavuni bado ina namba,
na herufi M imefutika juu ya kitufe chake.
Naijua kwa kidole, kama pengo la jino.

Nilitaka kitu kidogo tu.
Shangazi Kavugho anauza makala kwa mkopo,
na madeni anayaandika ukutani kwa makala yaleyale:
vijiti vinne, cha tano kimevikata,
jina la mdaiwa pembeni.
Mvua ya Machi ilipopenya kati ya mbao
ikalifuta deni lote la Paluku, na nusu ya lile la mchungaji.
Nikasema: shangazi, nitakutengenezea dirisha.
Akautazama ukuta wetu wa upande wa barabara.
Akauliza: utalikata wapi?

Basi nikaanza na kompaila, kinu cha kuyasaga maneno yangu
yawe unga ambao mashine inaweza kuumeza.
Hiyo haikunisumbua. Usiku wa kwanza iliandika HABARI,
nyeupe juu ya giza, nikalala nimeshiba.

Kesho yake nikaomba zana za picha:
maktaba ya kuchora dirisha, kitufe, kisanduku cha jina.
Ikajibu: siingii bila maktaba ya herufi.
Herufi zikasema: tunamngoja mjomba wetu, maktaba ya rangi.
Rangi ikataka toleo la pili nukta sita,
na mimi nilikuwa na la pili nukta nne.
Nilihudhuria mahari ya kaka yangu Muhindo, nayajua haya:
mbuzi kumi, sawa, na wa bibi je?
Na blanketi la mjomba wa Butembo,
ambaye hajafika lakini amepiga simu?

Mega zangu ziliisha kwenye asilimia themanini na nane.
Nikamkopa shangazi, nikanunua zile za usiku, za bei ya chini.
Saa nane umeme ukakatika.
Mabanga nzima ikasema "Aah!" kwa sauti moja,
nikajua sikuwa peke yangu macho.
Nyiragongo tu ndio uliobaki na taa,
nyekundu tumboni mwa mawingu,
hauna mita, haudaiwi na mtu.

Siku ya nne alikuja Batumike, flashi shingoni.
Analinda usiku kwenye shirika moja kule Himbi,
na wifi ya huko hailali kama yeye asivyolala.
Akasema: anza na mdogo wao, panda taratibu.
Rangi. Herufi. Kisha yeye mwenyewe, mwenye sherehe.
Mistari ikateremka, ikateremka,
feni ikikohoa vumbi jeusi la mawe yetu,
halafu: NJIA HAIPO.
Tulikaa saa nzima. Batumike alikula mkate wote.
Nilikuwa nimeruka M.
Kidole kilibonyeza; kitufe hakikuitika.

Nikarudia, kwa nguvu.
Na katikati ya kioo
likafunguka.

La kijivu. Tupu. Upana wa kiganja.
Ndani yake kitufe kimoja: LIPA.
Nikakibonyeza. Hakikufanya lolote, sijakifundisha bado,
ila kilizama kidogo, kikarudi,
kama kifua cha mtoto aliyelala.

Shangazi akaja na mikono yake myeusi, hakugusa.
Akainama, akachungulia, kama mtu anayetazama nje
kuona kama mvua imeacha.
"Na Paluku yuko wapi humu?"
Bado, nikasema.
"Haya. Ukuta nao usubiri."
Akaokota kipande cha makala mlangoni,
akaenda pale penye mbao kavu,
akaandika jina langu,
na mbele yake, bila haraka, vijiti viwili.